Magoti ya Nantume

Jumamosi asubuhi, akishamenya ndizi za mchana na kuzifunga kwenye majani, Teopista alikuwa akimketisha binti yake kwenye kigoda nyuma ya jiko na kumsugua magoti. Alitumia dodoki, maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche, akayakausha kwa upindo wa gomesi, gauni lake refu la kufunga kiunoni, akamalizia kwa samli. Kwingine kote Nantume aliachiwa ajioshe mwenyewe, na ukweli ni kwamba masikio yake hayakuwa ya kuonyesha wageni. Magoti yalikuwa kazi ya mama. Pale kilimani, si mbali na Masaka, mtoto wa kike alisalimia wakubwa akiwa amepiga magoti mkekani, na mtoto aliyepauka magoti alimwaibisha mama yake kuliko mtoto mwenye njaa.

"Tulia, wewe! Umekalia siafu?"

"Unanitekenya, mama."

"Nikutekenye nimekuwa rika lako? Hebu leta la pili."

Teopista alikuwa amezaa watatu na kuzika wawili, na huyu aliyebaki alimpenda kwa namna iliyomtia hasira. Alimpenda mpaka akavichukia viatu vyake vipya, kwa kuwa vipya maana yake vya zamani vimembana. Alipenda anavyosimulia ndoto ndefu zisizo na kichwa wala miguu, anavyomgombeza jogoo kama mume mlevi, na alivyocheka msimu ule senene alipomwingia shingoni wakati wa misa, akacheka mpaka padre akasimamisha mahubiri na kumngoja amalize. Kila pindo la gauni aliloliteremsha lilimuuma. Alikuwa akiliteremsha na kusonya.

Nantume alikuwa na miaka sita wakati mtu wa kwanza aliponuka. Alikuwa Kasto, muuza dagaa, aliyepita kilimani na baiskeli yake siku za soko. Nantume alitoka, akapiga magoti kando ya baiskeli, akamwita bwana kwa lugha ya pale: "Mmeshindaje, ssebo?" Kasto akajibu kwamba ameshinda salama, na hapo hapo akanuka panya aliyefia darini. Harufu ya dagaa inajulikana, haikuwa hiyo. Ilimtoka yeye, shingoni na kwenye mikono ya shati, na mtoto alipoinuka kwenda kucheza ikakoma. Teopista alilichukua kopo la kupimia, akaligeuza, akakuta limejazwa maganda makavu ya migomba chini mpaka karibu na nusu. Alinunua dagaa kwingine tangu siku hiyo, ingawa majirani waliendelea na Kasto, kwa kuwa ndiye aliyepita mlangoni.

Baada ya Kasto alinuka katekista, mwaka ambao mbao za paa la kanisa zilionekana kwenye banda lake la ng'ombe. Akanuka pia mama mmoja wa ng'ambo ya bonde aliyekuwa akimnyima chakula mkwe wake mzee. Watu wa kilima hawakulikuza jambo hilo. Walisema mtoto ana kipaji, kama vile wapo wanaojua kuunga mifupa na wapo wanaojua kuita nyuki. Mtu akija kununua ng'ombe na hajulikani kwao, walimtuma mtoto wa jirani amwite Nantume aje amsalimie. Mgeni akinuka, walijua ni tapeli, kisha wakamuuzia ng'ombe, ila walimkalisha upande ambao upepo ungeichukua harufu yake kuipeleka bondeni.

Hivyo ndivyo walivyoishi nalo miaka kadhaa, bila shida.

Shida ilikuja Nantume alipotimiza miaka kumi na miwili na kurefuka ghafla, akawa mikono na miguu mitupu. Watu ambao hawajawahi kunuka walianza kunuka. Wa kwanza alikuwa Petero, rafiki wa baba yake tangu utotoni, mtu aliyekuwa amembeba Nantume mgongoni wakati wa surua. Aliingia Jumapili moja, akakaa kwenye kiti, Nantume akapiga magoti, na sebule nzima ikanuka yai viza. Akafuata mwalimu wa kwaya. Akafuata jirani wa upande wa kisima, mzee mwenye wajukuu wakubwa kuliko Nantume, aliyekuja kuazima jembe na kuacha uvundo uliokaa kwenye mapazia mpaka siku ya pili. Hawakuwa wameiba kitu wala kumpunja mtu. Walikuwa wamemtazama mtoto, basi.

Teopista alikuwa jikoni akisikia harufu ikiingia kupitia mlango wa nyuma, akajua hata kabla ya kuambiwa nani amekuja. Watu wale wale waliomjua mwanawe akiwa na kamasi! Wageni wakiondoka alichemsha maji akakisugua kiti, miguu yake, mgongo wake, na ukuta ambao vichwa vyao viliegemea. Aliacha kula sebuleni. Akaanza kuwachukia wanaume kwa jumla, kisha akajirudi, akawachukia mmoja mmoja.

Mume wake, Aloziyo, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyependa amani na kahawa yake. Alipanda mchaichai chini ya dirisha, akanunua udi wa vijiti, akaupachika kwenye kopo la mchanga karibu na redio.

"Aloziyo, Petero amenuka leo," Teopista alimwambia.

"Nimesikia."

"Basi?"

"Basi nimefungua dirisha."

"La kuvunda halina ubani, mume wangu."

"Huu si ubani, ni udi," alisema Aloziyo, na alikuwa anasema kweli.

Teopista akaona afanye la kwake. Alimfunga binti yake goti kwa kitambaa cheupe na kuwaambia watu kwamba ameteguka na hawezi kuinama. Watu walimpa pole. Nantume alisalimia akiwa amesimama, kichwa chini, na nyumba ikakaa wiki nyingi haina harufu nyingine ila ya ndizi na moshi. Petero alikaa kwenye kiti kile kile akimtazama Nantume kama alivyozoea, na hakunuka chochote. Hilo halikumpa Teopista raha aliyoitarajia. Alipomtazama Petero akinywa chai, safi, amechana nywele, alimwona mchafu kuliko siku alizonuka.

Kisha akaja Shangazi Leokadia, dada yake Aloziyo. Kwa watu wale shangazi ndiye anayemfundisha binti mambo ya kikubwa, na mama hutakiwa kukaa pembeni, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo wa baba na mama ni mtu wa kuja. Leokadia alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye kicheko kinachosikika mpaka barabarani. Alimvuta Nantume mapajani pake, akakifungua kitambaa, akakuta goti zima, linang'aa samli.

"Wifi," alisema, "ndiyo mambo gani haya? Unataka mtoto wetu asimame mbele ya wanaume kama nguzo ya stima?"

"Akipiga magoti wananuka, wifi."

"Wananuka! Nani asiyejua kwamba wananuka? Nilipoolewa mimi, mume wangu hakuwa na mtu wa kumnukisha, lakini nilipolala naye nikajua. Nilikufa? Mwanamume lazima anuke kidogo. Asiyenuka ana ugonjwa." Akacheka, akamfinya Nantume shavu. "Watu wanasema huko chini, binti wa Aloziyo hapigi magoti. Aibu hiyo utaiweka wapi? Harufu inatoka dirishani, wifi. Jina baya halitoki."

Na ni kweli watu walikuwa wakisema. Katika miaka yote ya uvundo hakuna aliyelalamika, lakini goti lile lisiloinama lilizungumzwa kisimani, kwenye kinu cha kahawa na nje ya kanisa. Leokadia alikitumia kitambaa kile kufungia sukari aliyopewa, akaondoka nacho. Jioni hiyo Nantume alipiga magoti kumsalimia baba yake aliyetoka shambani, na baba yake, kama siku zote, hakunuka kitu. Teopista alimshukuru Mungu kwa hilo.

Msimu wa kahawa ulifika. Mwenye kinu cha kukobolea alikuwa Mzee Kayizzi, mtu mzito, mpole wa maneno, aliyefadhili timu ya mpira na kuwasafirisha maiti wa watu wote kwa pikapu yake bure. Foleni kinuni kwake ilikuwa ndefu, na watu walilala juu ya magunia yao. Aloziyo alikwenda huko na magunia yake, na Teopista alimtarajia baada ya siku tatu nne. Akarudi jioni ile ile, kahawa imekobolewa, anapiga mluzi.

Nantume alimletea chai, akapiga magoti. Aloziyo akanuka maziwa yaliyochacha. Hayakuwa makali, na kama mtu hakumjua asingegundua. Teopista alikuwa ameshika sahani; aliiweka chini taratibu.

"Umefanya nini?" alimuuliza mumewe, mtoto alipokwisha kutoka.

Aloziyo alinywa chai yake mpaka chini. "Nimezungumza na Kayizzi. Anataka Nantume akakulie kwake. Mke wake atamlea, atasoma kama kawaida. Mengine yatakuja kwa wakati wake."

"Mengine gani?"

"Teo, usijifanye mgeni."

"Ana miaka kumi na mitatu."

"Ndiyo nimekwambia yatakuja kwa wakati wake. Na amesema kahawa yetu haitalala tena foleni. Mwaka wowote. Hata nikifa."

Teopista alimtazama mumewe, huyu aliyezoea kulala naye mgongo ukigusa mgongo, akaona kwamba amefurahi kwelikweli. Usiku huo alitandika mkeka chumbani kwa binti yake.

Hata hivyo hakukata tamaa, na hakuwa mjinga. Kwa desturi ya ukoo ule binti hakutoka bila baba, shangazi na mama kutamka mbele ya wazee, kila mmoja kwa mdomo wake. Neno la mama halikuwa na uzito wa kuamua, lakini lilikuwa na uzito wa kuchelewesha: akisema hapana, wazee hurudi makwao, na shauri haliguswi tena mpaka mavuno mengine. Mwaka mmoja ni kitu. Katika mwaka mmoja kinu huharibika, mzee huugua, mtoto hupelekwa kwa nduguze mama upande wa ziwani. Teopista alilitunga neno lake shambani, akaiambia migomba: "Wazee wangu, mwanangu haendi." Alilirudia mpaka likatoka bila kutetemeka.

Wazee walikuja Jumapili baada ya misa, mvua ikinyesha. Wanaume walikaa kwenye viti, wanawake mikekani. Mzee Kayizzi alivaa kanzu na koti la kijivu, akavua viatu mlangoni mwenyewe bila kuambiwa. Walikula kuku aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, wakausifu mchuzi. Kisha mzee wa ukoo akasema binti aitwe asalimie.

Nantume aliingia na gauni la njano alilochaguliwa na shangazi yake. Akapiga magoti mbele ya Kayizzi. "Mmeshindaje, ssebo?"

Uvundo uliotoka ulikuwa haujawahi kutoka pale kilimani. Kuku waliokuwa wamejikinga mvua barazani waliondoka wakaenda kulowa. Maziwa jikoni yaliganda kibuyuni. Nzi waliingia, na huo haukuwa wakati wa nzi. Mzee wa ukoo alikohoa mpaka akashikwa mabega, na mtoto mchanga wa jirani aliyekuwa akinyonya aliliachia titi akalia. Aloziyo alifungua dirisha, kisha la pili, kisha akawasha vijiti vyote vya udi vilivyobaki kwenye pakiti.

"Nisogezeni mlangoni, jamani," alisema Mzee Kayizzi kwa upole. "Msiteseke kwa ajili yangu. Huwa inatokea."

Walimsogeza na kiti chake. Walimshukuru kwa kuwa mwelewa. Mzee mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba mtu mkubwa harufu yake nayo ni kubwa, na wenzake wakatikisa vichwa kukubali. Mazungumzo yakaendelea, watu wamejiziba kwa leso na pembe za kanzu. Nantume aliambiwa ainuke, akatoka, na hewa ikarudi. Wakatoa leso puani wakaendelea na pale walipoachia.

"Baba amekubali," alisema mzee wa ukoo. "Shangazi amekubali. Bado mama."

Teopista alitoka upande wa wanawake akaja katikati, akapiga magoti, kwa kuwa mke huzungumza na wazee wa ukoo akiwa hivyo. Neno lake lilikuwa tayari mdomoni. Lakini Mzee Kayizzi alikuwa mtu wa adabu, na hakutaka mwanamke aanze kusema kabla hajashukuriwa.

Watu wale hushukuru kwa kila kitu. Humshukuru mtu kwa kulima, kwa kupika, kwa kurudi salama, kwa kulia vizuri msibani. Na anayeshukuriwa hakai kimya wala hasemi mengi. Huitikia kwa puani, "Mmm," taratibu, shukrani ikija nyingine huitikia tena, na wawili wakiwa na malezi mazuri huweza kwenda hivyo mpaka chai ipoe. Mtoto hujifunza kuitikia kabla ya kusema. Teopista alikuwa na malezi mazuri kuliko wote mle ndani.

"Asante kwa kupika, nnyabo," alisema Kayizzi kutoka mlangoni, akimwita kama mama mwenye heshima anavyoitwa.

"Mmm."

"Asante kwa kuzaa."

"Mmm."

"Asante kwa kulea."

"Mmm."

"Asante kwa kunipa."

"Mmm," aliitikia Teopista.

Aliisikia sauti yake mwenyewe baada ya kutoka. Leokadia alikuwa ameshapiga kigelegele. Wanaume walipiga makofi, Aloziyo alifuta macho. Teopista alifungua mdomo, lakini kigelegele kilikuwa kirefu, na wanawake wa mikekani wakakipokea. Akasema moyoni atasema kikiisha. Kilipoisha mzee wa ukoo alimshukuru kwa busara yake, na yeye, Mungu wangu, akaitikia. Wa pili akamshukuru kwa kuku. Akaitikia. Akabaki pale amepiga magoti akiitikia mmoja baada ya mwingine mpaka wakamaliza wakatafuta viatu vyao.

Bado angeweza kuutengua mguno wake. Lipo jambo hilo, ingawa ni la aibu: mwanamke huenda kwa mzee wa ukoo akasema mguno ulimponyoka. Nyumba ya mzee ilionekana kutoka kwake, ng'ambo ya bonde, bati lake liking'aa. Jumatatu alisema mvua imeharibu njia. Jumanne alisema atakwenda akimaliza kupalilia. Alilifikiria jina atakaloitwa, mwanamke aliyemeza mguno wake, na namna watakavyomtazama kisimani, na kicheko cha wifi yake. Alikuwa tayari kufa kwa ajili ya Nantume. Hilo hakulitilia shaka hata kidogo. Kuchekwa ndiko kulikomshinda. Ijumaa alianza kukunja nguo za binti yake, na alipokuwa akizikunja aliona kwamba anazikunja vizuri.

Pikapu ya kinu ilikuja Jumamosi kabla ya jua kuwa kali. Mzee Kayizzi hakuja mwenyewe. Alimtuma dereva na mkungu wa ndizi. Aloziyo na Leokadia walikuwa huko barabarani wakimwelekeza dereva namna ya kugeuza. Teopista alibaki mlangoni na binti yake.

"Mama, kule nitakuwa nampigia magoti kila siku?"

"Kila asubuhi."

"Na atanuka?"

"Atanuka."

Nantume alifikiri. "Basi nitazoea," alisema, kama mtu anayemtuliza mwenzake.

Kisha akakusanya gauni, akapiga magoti mbele ya mama yake amuage.

Harufu ilikuja mara moja. Teopista aligeuka kutazama nani amefika nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Aloziyo alikuwa barabarani, Leokadia barabarani, dereva ndani ya gari na vioo vimefungwa. Alinusa kiganja chake, kisha ukosi wa gomesi yake, aliyoifua jana. Ulikuwa uvundo ule ule wa Mzee Kayizzi Jumapili ile, mdogo kidogo, lakini wa ukoo mmoja. Nzi alitua kwenye mkono wake, akatembea.

Nantume hakuziba pua. Alikuwa amemwinulia mama yake uso, macho yanamtoka machozi, na ilikuwa vigumu kujua ni machozi ya nini. Kule barabarani honi ililia.

"Inuka, mwanangu," Teopista alisema. "Inuka, utachafua gauni."

"Bado kidogo, mama," alisema Nantume, akipumulia mdomo.